Nusu Athari

Mama aliniachia nusu athari.
Si kovu, si sifa, si alama ya mguu:
huku Ibra athari ni kipimo cha maji ya falaji,
nusu saa kwa mwenye nayo kamili,
robo saa kwangu, kila baada ya siku nane,
mara mchana, mara saa tisa kasorobo ya usiku.

Zamani waliipima kwa nyota. Ikichomoza
nyuma ya ukingo wa mlima, fulani azibe, fulani azibue.
Mimi napima kwa simu. Nyota sizijui;
nilikulia Ng'ambo ya Unguja, tulifungua bomba.

Natoa kizibo: jiwe, na kipande cha kanga
ambayo jina lake limebaki herufi mbili.
Maji huja kwa adabu, yamebeba jani la mlimau,
yazunguke shina la khunaizi, la khasabu, la mabsali.
Rofiki anayaongoza kwa jembe, pekupeku.
Kwao Bengali, asema, maji huyakimbia.
Huku anayabembeleza.

Mwaka niliofika, robo saa ilinywesha mitende kumi na mmoja.
Sasa mitatu,
na wa tatu haushibi.

Bondeni kwa chini yuko Sinani, mtoto wa kaka yangu.
Nyumba za nailoni nyeupe, visima viwili vya mashine,
matone yanayohesabiwa na kompyuta.
"Shangazi, mche mmoja wanipa kilo kumi na tano.
Mtende wako unaulea miaka mingapi ndipo ukulipe?"
Nikamwambia mtende haunilipi, tunadaiana.
Lakini sitasema uongo mbele ya maji:
nyanya zake nanunua.
Zangu zilikuwa tamu, zilikuwa saba,
na tano walikula ndege.

Watu husema pampu zake ndizo zinazoifyonza falaji.
Huenda. Visima ni vingi bonde zima,
na mvua ndiyo isiyohudhuria kikao.
Nayo malori ya nje ya mpaka yamemwaga nyanya sokoni
kilo kwa baisa themanini,
naye kilo yamgharimu mia na ishirini.
Maji ameyavulia nguo, sasa ayaoge;
na maji yenyewe hakuna.

Jumatatu pampu ilikohoa mchanga, ikanyamaza.
Alhamisi nikamwona penye mnada wa maji,
hajawahi kufika pale tangu azaliwe,
amevaa fulana ya kampuni katikati ya makanzu,
miche elfu mbili inamngoja kwenye joto.

Robo saa yangu niliitia mnadani mwenyewe.
Mzee Ghusayn akapanda bei, ana majani ya mbuzi wake.
Sinani akapanda. Ghusayn akapanda.
Kijana akanitazama mara moja tu, kama mtoto
aliyemaliza sahani akiwa bado na njaa.
Sikusema neno. Ningeweza kumpa bure,
ningeweza pia kumnyima. Niliacha bei ipande
hadi riali nane na nusu, nikampa mkono.
Undugu haujapata kuniwekea gesi jikoni.

Usiku wa zamu niliamka bila kengele.
Nilisikia maji yakipita nje ya ukuta wangu
bila kugeuka.
Rofiki naye alikuwa macho, amekaa juu ya jembe lake,
anayasikiliza kama mtu anayesindikiza mgeni.

Kesho yake karani wa Sinani alikuja na fomu.
Kampuni hailipi pasipo risiti.
"Lita ngapi, mama?"
"Nusu athari."
"Lita."
"Andika mitende mitatu, na wa tatu haushibi."
Alicheka kidogo, akatafuta pa kuyaweka hayo, hapakuwapo.
Mwisho akaandika, ili mashine ikubali:
*Maji. Idadi: moja.*
Nami nikatia sahihi.