Kitasa cha Nje

Behewa lilikuja ndani ya bahasha,
bapa kama chapati ambayo bado haijaona moto:
karatasi mbili za shaba, madirisha yameshatobolewa,
na maelezo yaliyochapwa na mtu asiyependa maneno.
"Kunja hapa," yalisema. "Kunja tena."

Bwana Thackray alikuwa na kila kitu isipokuwa vidole.
Vilikuwapo, kumi, lakini vilitetemeka
kama vijiko kwenye sinia treni ya mizigo ipitapo nyuma ya nyumba.
Miaka thelathini na mmoja alipaka rangi mabehewa ya kweli kule York.
Sasa yuko Darlington, chumba cha juu, mvua inakwaruza vigae,
ananiomba mikono yangu.
Mimi ni fundi wa pindo na vifungo;
mchana nafua mashuka ya hospitali.
Nikamwambia, uzi naujua, shaba siijui.
Akanisogezea kibano.

Nikajifunza. Ubavu wa behewa hausimami wima kama ukuta,
una tumbo, kisha unaingia ndani kuelekea chini
kama gauni lililokatwa na mwenye jicho.
Hilo sikufundishwa.
Nililaza shaba juu ya mpini wa ufagio,
nikaisukuma kwa kiganja, taratibu, mpaka ikakubali.
Alinyamaza. Kwa Bwana Thackray, hiyo ni sifa.

Kwetu husemwa subira yavuta heri.
Kwake, moto ndio uvutao lehemu:
pasha shaba, usipashe lehemu,
nayo itaukimbilia ufa
kama mchuzi kwenye sahani iliyoinama.
Nikaunguza kidole gumba. Nikabandua paa mara mbili.
Wiki ya tatu tukafikia rangi, nyekundu ya komamanga,
na mstari wa manjano niliouchora kwa sindano
huku nimebana pumzi hadi masikio yakavuma.

Vitasa vilikuwa vidogo kuliko ufuta.
Kumi na sita.
Nikauliza vya ndani viko wapi.
"Ndani hapakuwa na kitasa," alisema.
"Ulishusha kioo, ukatoa mkono nje,
mvuani, moshini,
ukajifungulia."
Kisha, akiitazama chai yake:
"Nesta alikuwa na mikono mifupi."

Nikangoja. Hakuongeza neno.
Chuma cha kulehemu kikapoa kwenye kiota chake.

Usiku ule nilikishusha nusu kioo cha mlango wa nne.
Abiria walikuwa kwenye pakiti, weupe kama chumvi,
wote wameketi, wote mikono mapajani;
wangesimama, wasingezidi punje tatu za mchele.
Nikamchukua mmoja mwenye kofia,
nikamkata mkono begani kwa wembe,
nikaubandika ukining'inia nje ya dirisha.
Ulikuwa mrefu. Nikaupunguza.
Ukawa mfupi mno, haukukifikia kitasa.
Nikauacha hivyo.

Asubuhi aliutazama kwa kioo cha kukuza,
muda mrefu kiasi cha chai kuota utando.
Akaomba gundi. Akaomba abiria mwingine, mwanamume.
Nikanyoosha mkono kumsaidia, akaupiga kofi dogo.
Robo saa nzima.
Yule mtu alikaa upande, kapinda,
gundi imemwagika hadi kwenye viatu,
kama mtu anayeinuka kitini na kusema, ngoja, mimi nitafungua.

Katika kutetemeka huko kitasa cha mlango wa nne kiliruka.
Tulitambaa zuliani, mzee wa miaka themanini na mimi,
tukipapasa manyoya, makombo, pini zangu mwenyewe.
Hakikuonekana.
"Basi hawashuki," alisema, na akacheka
hadi ikabidi nimkalishe.

Nilikipata Jumanne, kazini,
kimenasa kwenye pindo la sketi yangu.
Kiko kwenye mkoba wa sarafu.
Mara mbili nimekaribia kukilipia basi.
Bado sijamwambia.