Kikonyo

Bi Esha Mnali, mwenye nyumba wangu wa Chikongola,
kasimama mlangoni na mwiko unaodondosha tui:
"Hilo dude lako halilali. Siku ya tisa leo.
Luku inakwisha kama sukari ya Ramadhani.
Linapika nini?"

Mafuta, Bi Esha. Linapika mafuta
bila moto, bila sufuria, kwa hesabu tupu.
Viputo viwili vyenye ngozi kama ya seli,
kila chembe ya ngozi ina kichwa kinachopenda maji
na mikia miwili inayoyakimbia.
Nataka viungane.
Siku tisa za feni na joto la Desemba,
na muda niliouvuna humo
hautoshi kope kuanza kushuka.

"Na havitaki?"

Kati yao kuna maji,
unene wa chembe tatu, nne,
na vichwa vimeyang'ang'ania.

Akanivuta jikoni, kwenye kisamvu.
"Ona macho ya mafuta. Ukikoroga, yanakimbizana.
Ukiacha, yanasogea, yanasitasita,
yanagusana ubavu,
haya, jicho moja.
Mimi chembe sizijui.
Najua maji yakizidi, mafuta hayaonani."

Nikarudi, nikafuta maji ya katikati,
chembe mia tano, kwa kidole.
Ni hila, nakiri. Mwilini kuna protini
za kuyakamua, zinazojisokota kama ukili.

Alfajiri kikaota kikonyo,
chembamba, kama kinachoshika bibo tawini.
Ngozi za nje zimechanganyika,
za ndani bado mbili:
ndoa ya mkeka,
chumba kimoja, kila mtu na sahani yake.

Hapo hapo, giza. Yuniti sufuri.

Bi Esha akanisomea tarakimu ishirini
kwa tochi ya simu, polepole,
kama anayetaja warithi.

Jumanne, saa tisa usiku, sote tumelala,
tundu likafunguka.
Nimelikuta asubuhi kwenye kumbukumbu:
picha ya 4,118, ukuta.
Picha ya 4,119,
chembe moja ya maji imesimama mlangoni,
haikubisha hodi,
wala haijulikani inaingia au inatoka.

Nikamwita. Akatazama muda mrefu.
"Hiki kidogo hivi
ndicho kilichokula elfu kumi na tano?"

Akageuka aende. Akasimama.
"Hebu rudisha nyuma, nione tena."