Balansi

"Balansi yako," asema Nambozo, soko la Mbale,
akinirushia sarafu zinazonuka dagaa.
Mimi karani; neno nalijua kwa majina ya ofisini:
salio, urari, mizani, ulinganifu.
Yeye analijua kwa shingo:
mkungu kichwani, mtoto mgongoni,
utelezi wa Wanale chini ya kandambili,
wala hakidondoki kitu.

Simu yake yamwambia: balansi haitoshi.
Acheka. "Hata huku limo?"
Limo, mama. Limo kwenye baiskeli ya mwanao,
limo kwa mlevi avukaye mtaro.

Nahesabu njiani: amenizidishia mia tano.
Napekua kamusi yote ya kichwani,
sioni jina la hilo.
Nimeshavuka Nabuyonga
ndipo miguu inageuka.