Friji ya Bi Mwanasiti

Tuliketi watu saba kwenye benchi za madrasa, Mtongwe,
daftari la naibu wa chifu likipepea kwa feni,
kupima nani maskini.
Majina arubaini na mawili, nafasi kumi na moja.
Chai ikaja, na viazi karai, na ukwaju kwenye mfuko,
tukala huku tukihesabu sufuria za watu.

"Huyu ana mjukuu Doha." Kata.
"Huyu nilimwona Idi, dera jipya, udi mpaka barabarani." Kata.
"Huyu mvivu." Mzee ana miaka sabini na sita.
Kata, lakini kwa penseli,
tusije tukaulizwa.

Likafika jina la Mwanasiti Bwanaheri.
Bi Kadzo akacheka, akapangusa mafuta vidoleni:
"Ana friji, huyo. Milango miwili.
Maskini gani anywaye maji baridi?"

Nami ni fundi wa friji.
Nami ndiye niliyepiga goti jikoni kwake mwaka juzi,
nikagonga kompresa kwa bisibisi
kama daktari agongaye kifua,
nikamwambia, "Mama, hii imekwisha. Uza chuma."
Hakuuza. Panya, alisema, hawauwezi mlango ule.
Humo huweka unga, na kadi ya kliniki,
na sanda yake, imekunjwa, karafuumaiti kwenye pindo.

Nilijua.
Nikachovya kiazi.

Maana ukurasa uliofuata ni wa basari,
na jina la juu kabisa ni la mwanangu, Swabra,
na mimi nina vyumba viwili vya kupangisha Shika Adabu,
na pikipiki, na friji inayogandisha.
Nani aliuliza?
"Huyu mwenzetu, anajitolea," wakasema,
"na mtoto ana kichwa. Ni haki yake."
Neno haki likazunguka laini kama ile sahani ya viazi;
kila mtu akamega.

Zikimfika Mwanasiti, ni pesa za serikali.
Zikinifika mimi, ni kodi yangu imerudi nyumbani.
Yeye akiomba, ana mazoea.
Mimi nikiomba, nafuata utaratibu.
Akinunua nyama, pesa zimemlevya.
Nikinunua nyama, ni Ijumaa.

Jana nilimpita, amekaa kizingitini, akichambua mchicha.
Akaniita kwa jina la mamangu, kama zamani:
"Mwana wa Mwatime, nasikia jina halikutoka.
Labda mwakani."
Kisha kwa sauti ya chini, kana kwamba mwenye aibu ni yeye:
"Ile friji, waonaje, niitoe nje?
Niiache wazi, watu waone ndani?"

Nikasema nitamletea mkokoteni.
Sijampelekea.
Penseli ya kamati ninayo bado, mfuko wa shati,
inanichoma nikiinama,
na kifutio chake hakijaguswa.