Mchwa Wamekula Karne ya Kumi na Tatu

Kitabu kililetwa ndani ya gunia la mahindi,
kimefungwa kwa ukambaa wa mgomba.
Kazi yangu kushona migongo ya vitabu,
hapa Moshi, nyuma ya duka la mbolea:
sindano mbili, nta, gundi ya muhogo.
Sisomi ninachokishona. Ningesoma, ningekufa njaa.
Lakini hiki kilikuwa na mwandiko wa babu.

Babu Gaudensi Olotu alikuwa mpishi wa watawa, juu huko Uru.
Usiku, sufuria zikishakauka,
Padre Anselmi alimsimulia nyumba mama ya ng'ambo,
ya miaka mia tisa,
naye akaiandika kwa Kiswahili cha jikoni.

*Walifika watu kumi na wawili na punda.
Palikuwa tope na vyura. Wakasema, hapa.
Wakachimba mitaro hata maji yakashika adabu.*
Pembeni, kwa penseli:
Kama wazee wetu na mifongo. Nao punda hawakuwa naye.

*Waliamka saa nane za usiku kuimba zaburi.
Wakachuna ndama, wakaambaa ngozi,
wakaandika hata vidole vikafa ganzi.
Biblia moja, ndama mia.*
Pembeni: Nyama walimpa nani?

*Wakapika pombe ya shayiri.*
Pembeni, ukurasa mzima:
ndizi mbivu, ulezi, msesewa,
na onyo kuhusu mtungi usiooshwa.

Kisha shimo.
Kuanzia ukurasa wa arobaini hadi hamsini na moja
mchwa wamekula karne ya kumi na tatu.
Ukingoni yamebaki makombo:
*maji ya kijiji*
*abati akakataa*
*wakaja na majembe*
*moto*

Upande wa pili wa shimo nyumba imenona:
mashamba, vinu, dhahabu ya madhabahuni.
Halafu watu wa mfalme wakang'oa risasi ya paa,
mawe yakajenga mabanda ya nguruwe.
*Leo umebaki ukuta mmoja*, anamaliza babu,
*na kondoo, na mama anayekata tiketi.*

Nilipanda Uru kumuuliza Mama Kalista
mchwa walikula nini.
Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha kumenya.
"Ya Wazungu sijui. Ya hapa najua.
Watawa walijenga banio la saruji
juu kabisa, mfongo ukaingia kwenye kahawa yao.
Migomba yetu ikainama kama wagonjwa.
Tukanoa majembe. Mimi pia, na mimba ya miezi saba.

Usiku ule babu yako hakupeleka chakula.
Alisimama mezani na kile kitabu,
akawasomea ukurasa wa arobaini,
wa arobaini na moja, akaendelea.
Supu ikapoa.

Asubuhi abati akashuka peke yake,
kanzu imelowa hadi magotini,
mkononi jani la isale.
Nani alimfundisha, hakuna anayekiri.
Nyundo alipiga mwenyewe. Alipiga vibaya,
ikabidi tumsaidie."

Tangu hapo wanakuja kwenye msaragambo kama kila mtu,
wanazibua tope, wanatozwa faini wakichelewa.
Bruda Sirili alishatozwa mbuzi.

Nililala kwake. Alfajiri kengele ililia,
watawa wakaingia kanisani,
yeye akachukua tochi akaenda kufungua maji.
Ilikuwa zamu yake.

Kitabu nimekishona.
Nimetia karatasi nyeupe mahali pa shimo,
sikuandika kitu.
Gharama, elfu kumi na mbili.
Wamelipa asali, chupa mbili,
na moja inavuja.