Pima Kati

Mji umetimia: vipande arubaini na viwili,
sita kwa saba, nimevihesabu hadi macho yakauma.
Zimo leso za mama, zilizochakaa katikati
zikabaki nzima pembeni.
Kimo kikoi cha Shee kilichounguzwa na pasi.
Kimo kipande cha sare ya madrasa, kijani,
ambacho Thuwaiba mwenyewe hakitambui.

Sasa natafuta pindo.
Leso huzaliwa na pindo lake.
Mfarishi huzaliwa uchi pande zote nne.

Nimeutandaza kwenye sakafu ya msana,
nikaondoa viti, nikamfukuza paka.
Paka akarudi, akalala juu ya mama.

Mkono ulitaka kwenda kandoni,
futi kamba ishike ukingo, nikate, nimalize.
Nikamsikia Bi Mwanatumu, Mungu amrehemu,
subana kidoleni, akigonga meza:
“Sipime kando, mwanangu. Kando ni mwongo.
Kando huvutika kwa kila aliyeishika.
Pima kati. Pima mui.”

Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikapima kando.
Pindo likatoka refu kuliko nguo,
likakunjamana kama kanzu ya mtu aliyelala safarini.
Akanifumulisha yote kwa wembe,
mbele ya wageni, na kahawa ikimiminwa.

Basi napima kati, mara tatu:
kifuani, kiunoni, magotini.
Wari moja na shubiri tatu.
Wari moja na shubiri tatu kasoro vidole viwili.
Kipimo cha tatu sikisemi,
ni siri yangu na cherehani.
Nachukua cha kiunoni, kiwe hakimu.

Kitambaa ni damu ya mzee,
mabaki ya jora la Abdulhusein.
Aliniapia mzigo mwingine hauji kabla ya mfungo,
na msichana anasafiri Jumatatu
kwenda kusomea uuguzi Nyahururu,
ambako nasikia maji ya bomba yanauma meno.

Pini ya kwanza katikati. Kisha miisho.
Kisha katikati ya katikati.
Penye ziada nasukuma kwa kidole gumba,
taratibu, mpaka nguo ikubali yenyewe.
Mbavu kwanza; kichwa na miguu baadaye.
Mikanda ikafika pembeni, ikagoma.
Pembe nne wazi, kila moja tundu la kiganja.

Nikakaa.
Adhana ya alasiri ikapita.
Nyumba ya pili fundi anachonga mlango:
nyundo inasema, inanyamaza, inasema.

Pembe ya kwanza nikaipa mfuko wa shati la mume wangu,
na doa lake la wino ambalo sabuni ilishindwa.
Ya pili, kanzu ya baba.
Ya tatu, foronya aliyolalia Thuwaiba akiwa mchanga,
bado inanuka mafuta ya nazi,
au ni pua yangu.
Ya nne haikuwepo.
Nikapekua kasha, nikapekua kapu,
nikafikiria kuiba pazia.

Kisha nikajitazama.
Leso niliyojifunga, wekundu wake si mbali sana
na damu ya mzee, ukifumba jicho moja.
Mkasi ukaingia pembeni, penye korosho.
Korosho moja nzima ikaniangukia mkononi.
Wakiuliza, nitasema panya.

Thuwaiba anaingia, simu sikioni,
anakanyaga pini, anaruka kwa mguu mmoja.
“Mama mdogo, huko mablanketi yanauzwa.”
Najua yanauzwa.
“Weka simu. Njoo unishikie pembe hii.”

Anapiga magoti. Anaitazama korosho,
anaitazama leso yangu,
haulizi kitu.
Cherehani inaanza, na mkono wake,
kama mkono wa kila mtu anayetaka mambo yaishe,
unaanza kuvuta.

Usivute, namwambia.
Shika tu.