Kidato cha Tatu B, Tandika

Nilifuta ubao kabla hawajamaliza kunakili.
Wakaguna, wote themanini na watatu.
"Fungeni madaftari. Andikeni mlichobaki nacho."

Feni moja inazunguka; ya pili tunaisubiri tangu Machi.

Zamani kimya hiki ningekijaza mwenyewe,
chaki hadi kwenye nyusi, nikidhani nimefundisha.
Sasa nahesabu moyoni hadi kumi,
na kumi ni ndefu kuliko kipindi.

Nyuma kabisa Tunu Mwakalobo anaandika, anafuta, anaandika.
"Mwalimu, moli ni kama misumari.
Dukani kwa mjomba hatuihesabu.
Tunapima kilo, tunajua iko mingapi."

Sikusema vizuri. Nilisema, "Mweleze Mbaruku."

Mbaruku akabisha:
kilo ya inchi sita na kilo ya inchi mbili,
idadi itakuwa sawa?
Dawati la mbele likageuka, kisha la dirishani.
Mtihani utakuja na Kiingereza chake;
leo waache wabishane kwa lugha ya dukani.

Nikakaa juu ya ndoo ya mchanga wa moto,
sina kazi.

Ijumaa nitawauliza tena.
Nusu watakuwa wamesahau.
Ndiyo maana ya Ijumaa.